Muulize Mwalimu: Mbona mchujo wa Marekani hauna watu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nauza mitumba Kiboriloni. Jirani yangu wa meza anashikilia kwamba Marekani mgombea urais anachaguliwa na wananchi, siyo wajumbe kama huku kwetu, kwa hiyo mchujo wao (kura ya kumpata mgombea wa chama) hujaa watu sawa na uchaguzi mkuu. Mimi nabisha. Nani yuko sahihi? Mama wa Mitumba, Moshi.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jirani yako amepatia nusu. Ruhusa wanayo mamilioni. Wanaokwenda ni wachache.

Mwaka 2016, mwaka wa mchujo mkali kweli, vyama vyote viwili vikubwa, Republican cha Trump na Democratic, vilipata kura kama milioni 57. Hiyo haifiki theluthi ya wenye haki ya kupiga kura. Novemba, kwenye uchaguzi mkuu, zikapigwa zaidi ya milioni 136. Trump mwenyewe alipita mchujo kwa kura kama milioni 14 tu.

Mimi lawama naitupia kalenda. Majimbo hayapigi siku moja. Wanapokezana miezi kadhaa. California, yenye watu wengi kuliko majimbo yote, mwaka ule ilipiga Juni 7, wakati wapinzani wa Trump chamani walishajitoa tangu Mei. Uache biashara ukapange foleni ya nini?

Masharti nayo yamo. New York ilitaka anayehamia chama ajiandikishe Oktoba 2015 ili apige mchujo wa Aprili 2016. Ivanka na Eric, watoto wa Trump, wakachelewa, wakashindwa kumpigia baba yao! Na jimbo la Iowa mwaka huo wa 2016 walikuwa na mkutano wa jioni badala ya kura ya kutwa, tena majira ya baridi. Alihudhuria kama mmoja kati ya sita wenye haki ya kupiga kura.

Kwetu, 2015, waliorudisha fomu za urais CCM walikuwa 38. Dodoma wakabaki watano, kisha watatu, na Mkutano Mkuu ukampa Magufuli kura 2,104 za wajumbe. (Hao waliokatwa waulize kama wajumbe ni watu wazuri.) Oktoba tukapiga kura watu zaidi ya milioni 15.

Mkiendelea kubishana hapo mezani, angalieni asilimia zenu. Tume yetu ya uchaguzi hugawanya waliopiga kura kwa walioandikishwa. Wachambuzi wengi wa Marekani hugawanya kwa wote wenye haki, hata ambao hawajajiandikisha. Kwa hiyo asilimia 67 yetu ya 2015 na 60 yao ya uchaguzi mkuu wa 2016 msizishindanishe.