Redio ya FM usiitupe bado

Umeuliza kama redio yako ya FM itageuka chuma chakavu matangazo yakihamia dijitali. Si leo. Norwei ilizima FM ya vituo vya kitaifa mwaka 2017, lakini vituo vingi vidogo vya mitaani vilibaki humo humo. Uswisi nako, shirika la utangazaji la umma liliondoka FM mwishoni mwa 2024. Kwa hiyo fuata tangazo la mdhibiti wa mawasiliano wa nchi yako, si maneno ya muuza redio.

Ukinunua mpya, chukua yenye FM na DAB+ (mfumo wa redio ya dijitali) pamoja. Iliyoandikwa DAB tupu, bila ile alama ya kujumlisha, huenda isitoe sauti yoyote ya vituo vya DAB+.

Masafa nayo ni tofauti: FM iko kati ya megahezi 87.5 na 108, DAB+ kati ya 174 na 240. Ndiyo maana antena ya sentimita 75 inayoifaa FM unaipunguza hadi 35 hivi kwa DAB+, na kuisimamisha wima. Mawimbi yakidhoofika, FM hukwaruza tu. DAB+ hugugumia, kisha kimya kabisa. Hapo isogeze redio dirishani na utafute vituo upya. (DAB+ pia huramba betri haraka zaidi.)