Margarita ya pai ya ndimu, nyie mnaoanza kaunta someni hapa

Wadogo zangu mlioingia kazi ya baa huku Malindi msimu huu, naona wengi mnakimbilia kokteli tamutamu kabla hata margarita ya kawaida haijawakaa mkononi. Anzeni na hiyo. Tekila mililita 50, triple sec (likua ya machungwa) 20, maji ya ndimu 15, sheki na barafu basi. Na chupa ya tekila isomeni, iwe imeandikwa agave (ule mmea unaotoa tekila) asilimia 100, manake sheria ya Meksiko inaruhusu hata 51 tu na hiyo nyingine ni sukari ya kwengine.

Sasa mimi naipenda sana ile inayoiga pai ya ndimu ya Key West kule Florida. Ndimu wanayoisifia kule, ile ndogo ya ngozi nyembamba, ni jamii moja na hizi zetu za sokoni, kwa hivo musiende kununua maji ya ndimu ya chupa jamani, kamueni wenyewe jioni ile ile, mbili tatu kwa glasi, na msiminye mpaka ganda likatoa uchungu.

Pai hiyo hutiwa maziwa matamu mazito ya kopo, na hayo maziwa ndo mtihani. Miezi yangu ya kwanza maziwa ya kopo yaliniishia nikatia maziwa freshi, yakakatika papo hapo, glasi ikarudishwa na mabonge ndani, ile aibu mpaka leo naikumbuka. Ndimu inakata maziwa. Lakini yale matamu mazito ya kopo hayakatiki hivo, yanazidi kushikana tu, na ndo pai yenyewe inavyoshika. Ukiyamwaga juu ya barafu yanagandia chini ya sheka (kile chombo cha kusheki), kwa hivo koroga kwanza mililita 20 na tekila mpaka yayeyuke, alafu ndimu uipandishe ifike 25 kwa sababu utamu umezidi, triple sec ishushe 10, barafu mwisho, sheki mpaka vidole viume kwa baridi.

Mdomo wa glasi ponda biskuti za glukosi na chumvi kidogo, pakaza maziwa ya kopo sio maji, nusu tu. Kwa hewa hii ya bahari biskuti ikilala wazi imelegea, ifunikeni.

Mteja asiyekunywa pombe mtengenezee hiyo hiyo bila tekila wala triple sec, tia iliki na soda ya maji juu, na awe na sheka yake isiyowahi kuguswa na pombe. Usije ukamwambia eti umeisuuza, haitoshi.