Maswali ya Wasomaji: Gari la Stoki Lipimwe, Lisikisiwe

Maswali haya yote yanahusu daraja la stoki katika mbio za dragi, yaani za kushindana kasi kwenye njia iliyonyooka ya mita 402, ambapo gari linatakiwa libaki kama lilivyotoka kiwandani.

Kuna Toyota Corolla ya injini ya 5A-FE inawaacha wenzake mbali mno. Tunashuku ndani mna 4A-FE, injini kubwa zaidi. Tutajuaje? (Changamwe)

Injini hizi kwa nje ni pacha, na za mitumba zinashuka bandarini kila mara, kwa hiyo kubadilisha si kazi kubwa. Anzeni na namba iliyogongwa kwenye bloku, ila msiishie hapo. Wengi hung'oa plagi wakatumbukiza kijiti kupima mwendo wa pistoni. Kijiti kitamfichua mwenye 7A-FE, maana mwendo wake ni milimita 85.5. Lakini 5A na 4A zote ni 77. Hapo kijiti hakiwasaidii kitu. Tofauti imo kwenye upana wa silinda: milimita 78.7 kwa 81, yaani cc 1498 kwa 1587. Kichwa kifunguliwe injini ikishapoa, mpime juu, katikati na chini, kisha mgeuze kipimo mrudie.

Mkikuta 79.2, huyo ameipanua silinda ya 5A kwa kuichonga nusu milimita akafika cc 1517. Sisi tungeruhusu saizi hiyo, kwa kuwa injini kuukuu lazima zichongwe siku moja, lakini iandikwe kwenye kitabu cha kanuni kabla ya msimu, si siku ya ugomvi.

Na gasketi inayoharibika kichwa kikifunguliwa atalipa nani? (Kisauni)

Mlalamikaji aweke pesa taslimu kabla magari hayajaondoka uwanjani: gasketi ya kichwa, oili, maji ya rejeta na ufundi. Gari likiwa halali, pesa ni za mwenye gari. Likiwa na kosa, mlalamikaji arudishiwe, gharama zimwangukie mwenye gari. Kama kufungua ni kesho yake, kava ya juu na sampu (bakuli la oili chini ya injini) zifungwe kwa waya wenye sili ya namba usiku huo huo.

Mtu akitia spiriti kwenye petroli? (Likoni)

Tieni mililita 10 za maji na 90 za petroli yake kwenye silinda ya kioo yenye alama, mtikise, mwache itulie. Maji hukaa chini. Yakipanda juu ya alama ya 10, yamebeba spiriti. Fanyieni kivulini, mbali na moto, na kizibo kifunguliwe polepole. Kwa joto letu la pwani mvuke hujaa haraka. Toluini, kemikali nyingine ya kuchanganya na petroli, haionekani kwa njia hii, ndiyo maana ni bora wote wajaze pampu moja mbele ya mkaguzi.

Mgeni wa Nairobi amekuwa mwepesi ghafla huku kwetu. Amedanganya? (Mikindani)

Si lazima. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa yake ni pungufu kwa takriban asilimia 15. Injini isiyo na turbo ikishuka Mombasa hupata nguvu. Muda peke yake si ushahidi.

Kosa ni dogo na ni mara yake ya kwanza. Tumsamehe? (Tudor)

Hapana. Muda wake wote wa siku hiyo ufutwe, hata akiwa ndiye aliyewakopesha mizani. Asifukuzwe: ahamie daraja la wazi, la magari yaliyobadilishwa, siku hiyohiyo, na arudi stoki akishakaguliwa upya. Mkimwachia yeye, yule aliyejinyima akabaki na pistoni za kiwandani mtamjibu nini?