Jeti ya rimoti inatua kwa moto: kwa nyie mnaoanza huku Mtwara

Wadogo zangu habari zenu. Tangu hela za korosho zitoke nimefuatwa na vijana kama sita hivi, wote wanataka ndege ya rimoti na sio ndege yoyote, wanataka jeti, ile ya umbo la kivita yenye mabawa yaliyolala nyuma na mlio wa mluzi. Sikatai mtu, mimi mwenyewe nilivyoiona mara ya kwanza sikulala. Ila naomba kabla hujatuma hela mnisikilize, kwa sababu jeti nyingi ninazozijua huku zimevunjikia sehemu moja tu, mita ishirini za mwisho kabla ya ardhi. (Nikisema moto namaanisha nguvu ya mota, stiki ya kushoto ya rimoti ile unayosukuma juu na chini, huku ndo tunavyoita japo ni umeme.)

Ya kwangu ya kwanza ilikuwa ya feni yenye upana wa milimita 70, povu gumu kama lile la maboksi ya samaki ila zuri zaidi, iliruka mara mbili na mara ya pili haikurudi nzima. Tulikuwa uwanjani kwetu kule mbele ya Mikindani, nilikuwa nimezoea ndege ya propela ya kujifunzia ambayo ukikata moto inaelea yenyewe mpaka chini, basi na jeti nikafanya vilevile, ilivyofika usawa wa miti nikakata moto wote, ikaanza kuzama, nikavuta stiki ili pua inyanyuke, pua ikanyanyuka kweli, alafu bawa la kushoto likaachia ghafla ikajigeuza ikaenda chini na mgongo. Nilikaa kwenye mchanga pale nikiokota vipande na roho imeniuma sana maana ile ndege nilisubiri miezi mitatu ije.



Sasa nisikilizeni nini kilitokea pale. Propela inakaa mbele na inapuliza upepo juu ya bawa na mkia, kwahiyo hata ndege ikiwa taratibu ukiongeza moto kidogo mkia unapata upepo na unakusikiliza saa hiyohiyo. Feni ya jeti iko ndani ya bomba, upepo wake wote unatokea nyuma, bawa halipati kitu na mkia haupati kitu, vyote vinategemea mwendo wa ndege yenyewe. Mwendo ukipungua sana hakuna cha kukuokoa, na ukishtuka ukasukuma moto wote feni nayo inachukua muda kidogo kukolea, na muda huo ukiwa mita tatu juu ya ardhi huna. Na ukivuta stiki kuinua pua wakati mwendo umeisha ndo unamalizia kabisa, bawa linaacha kubeba, na yale mabawa yaliyolala nyuma yanapenda kuachia nchani kwanza, ndo maana yangu ilijigeuza badala ya kushuka tu.

Kwahiyo jeti inatua kwa moto. Stiki ya kulia, ile ya pua, inashikilia mwendo, stiki ya kushoto inaamua unashuka kwa kasi gani. Ukiona inazama, ongeza moto kidogo, usivute pua. Ukiona iko juu sana, punguza moto kidogo, usiisukume pua chini. Najua mkono unakataa, mkono unataka kuvuta kila ardhi ikikaribia, ndo maana nasema anza na ndege ya propela yenye bawa la juu, alafu simuleta, ule mchezo wa kurusha ndege kwenye kompyuta, hata ile ya bei rahisi, ukae nayo mwezi mzima ukitua tu, usifanye mambo ya kupinduapindua. Simuleta ikivunjika unabonyeza kitufe, ya kweli ikivunjika unarudi Dar kutafuta gundi na feni nyingine.

Kuhusu kununua ntasema kidogo tu. Chukua ya feni, ya umeme, milimita 64 au 70, usianze na kubwa. Kuna wanaoniuliza jeti za tabaini kabisa zinazochoma mafuta ya taa au Jet A1 yaliyochanganywa na oili, zile injini ndogo zinazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na moshi wake unatoka na joto la nyuzi mia kadhaa. Ni kitu kizuri sana, sitadanganya, lakini bei ya injini peke yake inazidi pikipiki mpya, na ikidondoka kiangazi kwenye nyasi kavu katikati ya mikorosho ya watu utachoma shamba ambalo familia inalitegemea mwaka mzima. Hiyo iache mpaka uwe umeiva na una watu wenye mitungi ya kuzimia moto wamesimama pembeni.

Kibali. Msiruke hii. Anga ni ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, TCAA, nenda uulize utaratibu kabla hujarusha chochote, alafu mwenyekiti wa mtaa au kijiji ajue, mwenye shamba ajue, na kama ni uwanja wa shule mwalimu mkuu ajue. Sisi tuko mpakani huku, kitu kinachopita angani kwa kasi kina mlio wa ajabu kinaweza kumtia mtu hofu na anayo haki ya kuuliza. Na usirushe kabisa upande wa Naliendele wala popote karibu na kiwanja cha ndege, pale kuna ndege zenye watu ndani.

Uwanja wenyewe ndo nusu ya kutua. Sisi tuna kipande cha kifusi kilichoshindiliwa, kama mita 80 hivi, tunakimwagia maji jioni na asubuhi tunafagia kwa chelewa wote tunapokezana, kwa sababu feni inavuta, kijiwe kama punje ya mchele kikiingia kinakula panga za feni na ukisikia mlio umebadilika katikati ya anga ujue hapo lazima ushuke. Msimbati ule mchanga wa ufukweni ni mgumu magari yanapita, watu wananiuliza kwanini sirushi kule, ni kwa sababu ya chumvi na mchanga mwembamba, niliwahi kujaribu na sevo mbili za matairi, vile vimota vidogo vya kuyasogeza, zikaanza kutetemeka ndani ya mwezi mmoja.

Alafu upepo. Nyie mmezaliwa huku mnajua kusi na kaskazi kuliko mtu wa bara, tumieni hiyo akili. Tunatua kwa kuuelekea upepo siku zote, kwahiyo kipindi cha kusi tunaingia tukielekea kusini mashariki na kipindi cha kaskazi tunageuza. Asubuhi mapema ndo muda wetu, jua likishapanda upepo wa bahari unaanza kusukuma na saa nne hivi tunafunga vitu. Na kuna kitu kimoja sijawahi kukisikia kwa mtu, nimejifunza kwa kuvunja miguu ya mbele mara mbili: mikorosho iliyoko mwanzo wa uwanja inakinga upepo. Ndege inakuja na upepo mzuri usoni, ikishuka chini ya vilele vya miti upepo unakatika ghafla, na kile kipande cha mwendo ilichokuwa inapewa na upepo kinapotea kwa mara moja, inadondoka kama imekatwa kamba. Sasa hivi nikikaribia usawa wa vilele naongeza moto kidogo kabla haijazama, nisisubiri nione.

Betri nazo. Yangu ni ya seli 6, miliampea-saa 4000, na moto ukiwa wote mota inakula kama ampea 60, piga hesabu, hiyo ni dakika 4 mpaka iishe kabisa, na betri hizi haziruhusiwi kuisha kabisa, bakiza kama asilimia 20. Tukiruka kwa nusu moto muda unaongezeka lakini mimi saa ya rimoti nimeiweka dakika 3 tu, ikilia naanza kujipanga kutua. Kwanini mapema hivo? Kwa sababu nataka niwe na betri ya kukosea. Ukiingia mara ya kwanza vibaya, na utaingia vibaya, unaweka moto unazunguka unaingia tena, na tena. Mtu aliyebakiwa na sekunde 20 anatua hata kama hajakaa sawa, analazimisha, na hapo ndo tunaokota vipande.

Sasa kutua kwenyewe, hapa naomba usome polepole.

Kabla ya yote, siku ya kwanza panda juu sana, punguza moto polepole huku umeshikilia ndege iwe sawa, angalia ni mwendo gani bawa linaanza kuachia. Shusha matairi, shusha flapu, vile vibao vya nyuma ya bawa, rudia. Ndege nyingine flapu zikishuka pua inapanda, nyingine inainama, ujulie juu kule na sio chini. Hakikisha pia uzito umekaa pale kitabu kilipoandika, ibebe kwa vidole viwili chini ya mabawa, ikiangukia mkia usirushe, sogeza betri mbele mpaka ikae sawa au pua iiname kidogo.

Ukiwa tayari, pita sambamba na uwanja ukiwa na upepo nyuma, juu kama minazi miwili iliyosimamishwa moja juu ya nyingine. Hapa kuna mtego. Upepo uko nyuma kwahiyo ndege inaonekana inakimbia sana kwa macho, na wewe unapunguza moto, kumbe hewani mwendo wake ni mdogo. Usidanganywe na ardhi, acha nusu moto. Shusha matairi, flapu nusu.

Peleka mbali, mbali kuliko unavyotaka, alafu kata kona polepole. Usiilaze sana kwenye kona, ukiilaza nyuzi 60 na ukataka isishuke bawa linabeba uzito mara 2, na bawa lililoelemewa linaachia kwenye mwendo ambao dakika moja nyuma ulikuwa salama kabisa. Kona pana, moto uwepo, pua isipande.

Ukinyooka na uwanja sasa ndege inakuja kwako na kulia kushoto zimegeuka, wengi wanachanganyikiwa hapa. Mimi nilifundishwa hivi na inafanya kazi: bawa linaloinama, sukuma stiki upande huohuo unaouona linainama, kama unaliwekea mkono chini lisianguke. Pua juu kidogo tu, moto kama theluthi, alafu kidole cha kushoto ndo kinafanya kazi, kidogo juu kidogo chini. Ya kwangu inaingia kama kilomita 50 kwa saa, inaonekana kasi kwa mtu aliyezoea propela, acha ionekane hivyo.

Ikifika usawa wa kiuno moto bado upo. Nasema tena bado upo. Anza kuutoa polepole ndege ikiwa imeshaingia juu ya kifusi, pua ibaki juu kidogo, matairi ya nyuma yaguse, kisha lile la mbele lishuke lenyewe, ndo unakata. Ikidunda usisukume pua chini, ukisukuma itadunda mara ya pili zaidi na ya tatu miguu inatoka, shikilia pale ilipo uongeze moto kidogo ikae, au kama imedunda juu sana weka moto wote uende ukazunguke.

Kuzunguka sio aibu. Kuna siku nilizunguka mara nne wazee wamekaa pembeni wanaangalia, mmoja akaniuliza baadae kama imeharibika, nikamwambia hapana mzee, mimi ndo nilikuwa sijakaa sawa.

Watoto. Kila tukirusha wanakuja, na ndege ikigusa chini wanakimbia kuifuata, feni inazunguka bado. Lazima awepo mtu mmoja ambaye kazi yake ni watoto tu, harushi siku hiyo, na nyuma ya kamba hakuna anayetoka mpaka betri imechomolewa. Na kwenye rimoti weka kwamba mawasiliano yakikatika moto unajizima wenyewe, jaribu hilo chini ndege imeshikwa, kila asubuhi.

Ukirudi nyumbani usiache betri kwenye gari juani, zinavimba. Zirudishe volti 3.8 kila seli kama hurushi kesho, zichaji ndani ya chungu chenye mchanga uwe pembeni unaangalia, na ndege ifute kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi ili kutoa chumvi ya bahari, hasa kwenye bawaba na matairi.

Njia ninayofundishia mimi ni hii: betri tano za kwanza hutui kabisa mwenyewe. Unaingia kama unatua, unashuka mpaka usawa wa kichwa, unapita uwanja wote kwa moto uleule, unapanda, unazunguka, na mwisho wa betri mimi ndo nachukua rimoti naishusha. Mpwa wangu yuko betri ya nne sasa hivi, jana ameshusha mpaka usawa wa kiuno, imenyooka haitikisiki, akanigeukia anaomba atue. Nimemwambia bado moja. Jumapili asubuhi tunaenda tena, kusi likiwa limetulia.