Neno linapokwama mdomoni

Mdogo wangu wa Kibirizi, hapa Kigoma, umesema simu ya mteja ikiita unampa mwenzako apokee, kwa sababu neno "dagaa" lenyewe linakukwama. Pole sana. Nami nina kigugumizi tangu utotoni. Nimewahi kupitishwa kituo pale Mwanga kwa sababu "shusha" iligoma kutoka, nikarudi kwa miguu juani.

Hukurogwa, wala hujapungukiwa akili. Kigugumizi kinatokana na jinsi ubongo unavyoratibu usemi, na mara nyingi kipo kwenye ukoo. Woga si chanzo chake, ila unakizidisha, na kila simu unayoikwepa inaukomaza huo woga.

Kilichonisaidia zaidi ni kutangulia kusema: "Nina kigugumizi, nivumilie kidogo." Ukishasema hivyo huna tena cha kuficha, na koo linalegea. Kisha toa pumzi kidogo kabla ya "dagaa", ulimi uguse juu taratibu, usiusukume. Likikwama, tulia, anza upya polepole. Tafadhali usilikimbie kwa kusema "wale samaki wadogo". Nilifanya hivyo miaka mingi, na maneno ya kuogopa yakazidi kuongezeka.

Anza na mteja mmoja mpole uliyemzoea. Mwenzako naye mwombe asikumalizie sentensi, hata kama anafanya kwa upendo. Ukipata nafasi, fika hospitali ya mkoa, Maweni, uulizie mtaalamu wa tiba ya usemi. Na ukishapokea hiyo simu ya kwanza, nieleze ilikuwaje.