Kitoroli cha mbao kwa bodi ya gari la zamani

Ukishatoa injini, giaboksi, viti na vioo, bodi ya gari la zamani huwa nyepesi kuliko ulivyotarajia, ila pia hulegea. Kwa hiyo nilipojenga kitoroli cha kuisukumia gerejini sikuumia kichwa sana kuhusu uzito. Mbao za inchi nne kwa nne zinaubeba bila shida. Nilichojiuliza ni hiki: bodi itakaa hapo juu miezi mingi, ikikatwa na kuchomelewa, je, umbo lake litabaki?

Hilo linategemea inapoegemea. Gari lenye chesisi ya peke yake lina matundu ambamo bodi ilifungwa kwa boliti. Pima umbali wa tundu hadi tundu kabla hujainua chochote, panga mbao za kukingama chini ya matundu hayo, kisha funga bodi kwa boliti, ukiweka vipande vya raba katikati. Bodi iliyoungwa kama ganda moja, isiyo na chesisi, ishike pale suspensheni ilipofungwa, au kwenye sehemu zilizoimarishwa za kuwekea jeki. Bati la sakafu lenyewe usiliegemeze, litabonyea. Na usipitishe boriti chini ya kizingiti (ule ukingo wa bati chini ya mlango) chenye kutu unachopanga kukikata. Linaonekana jambo la wazi, lakini nimeona vitoroli vilivyojengwa hivyo hivyo.

Kama vizingiti vitakatwa, chomelea kwanza bomba za mraba kwenye uwazi wa milango, milango ikiwa bado iko mahali pake na upana wa nafasi zinazoizunguka umeuandika. Kitoroli, hata kiwe imara vipi, hakifanyi kazi ya bomba hizo, ya kuzuia bodi isipinde.

Fremu yenyewe ni kazi rahisi. Chagua mbao kavu zilizonyooka, kwa sababu mbao mbichi hujipinda ikikauka na kuivuta bodi. Pima mishazari yote miwili. Ikilingana, na pande zinazotazamana zikilingana, fremu ina skwea. Kwenye maungio nilitumia boliti za milimita 12 zinazotokeza upande wa pili, na washa pana ili nati isizame kwenye mbao. Skrubu peke yake hulegea kwa mtikisiko. Kwenye kona niliongeza pembetatu za plaiwudi ya milimita 18, na hapo fremu ikaacha kuyumba kabisa.

Kama una fedha kidogo za ziada, zipeleke kwenye magurudumu. Watu hugawa uzito kwa nne: bodi ya kilo 300, basi kila gurudumu libebe 75. Sakafu ya gereji haiko sawa hivyo. Mara nyingi gurudumu moja linaning'inia na matatu ndiyo yanabeba, kwa hiyo gawa kwa tatu, yaani kilo 100 kila moja, kisha ongeza kidogo. Kipenyo nacho kina maana: vigurudumu vya sentimita 5 hukwama kwenye kokoto moja, vya sentimita 15 huipanda. Chukua yanayozunguka pande zote, yote manne yakiwa na breki. Yafunge kwenye ncha kabisa za fremu, maana injini ikitoka uzito huhamia nyuma na bodi inaweza kubinuka ukikalia buti.

Kuhusu kimo, kaa chini ya gari kwa mawazo kabla hujakata mbao. Utahitaji kulala pale na grinda mkononi, lakini paa nalo lazima lipite kwenye mlango wa gereji.

Kuna suala la moto pia, na hapa mbao zina udhaifu wao. Cheche huingia kwenye ufa na kufuka polepole, moto ukatokea wewe umeshaenda kula. Funika mbao kwa bati karibu na unapochomelea, weka kizimamoto jirani, na usiondoke gerejini hadi saa nzima ipite baada ya kuzima mashine. Mbao iliyolowa oili ibadilishe. Waya wa ethi wa mashine ya kuchomelea nao ufunge kwenye bati la bodi lenyewe, kwa sababu mbao haipitishi umeme.

Unaposukuma, shika fremu. Boliti zangu nilizikaza tena baada ya wiki chache, kwa kuwa mbao husinyaa, na karibu kila nati ilikubali robo mzunguko.