Altezza iliyolala uani: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu magari ya spoti yaliyotelekezwa, na Toyota Altezza ndiyo inayoongoza. Tumeyafupisha.

Nimeonyeshwa Altezza RS200 ya 1999 huku Tabata, imekaa chini ya mwembe miaka minne. Muuzaji anasema ni ya klachi, gia sita. Nikague nini kabla ya kutoa hela?

Fungua boneti usome sahani ya chuma kabla hata ya kuangalia rangi. Namba ya chesisi ikianza na SXE10, hiyo ni RS200 kweli, yenye injini ya 3S-GE. Ikianza na GXE10, ni AS200 yenye 1G-FE ya silinda sita, na ile nembo ya nyuma imebandikwa tu. Kwenye mstari wa gia tafuta J160, ndiyo giaboksi ya gia sita. Ukikuta kodi nyingine na ndani kuna pedali ya klachi, gari lilizaliwa otomatiki likabadilishwa. Si dhambi, ila uliza kontroli boksi (kompyuta ya injini) nayo ilibadilishwa au nyaya zimeungwaungwa.

Kisha linganisha namba ya chesisi na ya injini na zilizo kwenye kadi ya gari. Mwenye jina kwenye kadi ndiye asaini mkataba, si shemeji yake. Faini za trafiki ziangalie kwa namba ya gari kwenye mtandao wa polisi. Dalali akikuongezea malimbikizo ya ada ya mwaka ya leseni ya gari, mkumbushe kwamba ada hiyo ilifutwa mwaka 2017.

Kuhusu mwembe: majani huziba njia za maji chini ya waipa, na mvua ya masika ikiingia hapo inamwagikia ndani. Inua kapeti pande zote mbili za mbele. Ukikuta unyevu, shusha bei, maana nyuma yake kuna soketi za waya zilizooza.

Nimeshalinunua, nimeweka betri mpya. Nipige stata?

Hapana. Ringi zimekauka, oili yote imeshuka kwenye sampu, yaani bakuli la chini ya injini, na petroli ya miaka minne imegeuka gundi. Stata ya pupa inaweza kukwangua silinda ambazo zilikuwa nzima.

Toa plagi zote nne. Mimina oili safi kila silinda, kijiko cha chai kimoja au viwili, uache ilale hadi kesho. Asubuhi zungusha injini kwa mkono, spana ya boksi kwenye boliti ya puli ya kranki, kwa mwelekeo wake wa kawaida, mizunguko miwili kamili. Ikigoma usilazimishe: ongeza oili, subiri siku nyingine.

Wakati unasubiri, mwaga petroli yote tangini, badilisha filta ya petroli, badilisha oili na filta yake. Angalia na mkanda wa taimingi. Kama huna ushahidi wa lini ulifungwa, hesabu kwamba umekwisha, hata kama kilomita hazijafika 100,000, kwa sababu mpira huzeeka ukiwa umesimama. Kwenye 3S-GE hii mkanda ukikatika valvu zinagonga pistoni. Funga mkanda, tenshena, pampu ya maji na sili za mbele kwa pamoja. Kazi ya kufungua ni ileile.

Sasa, plagi zikiwa bado nje na soketi za koili na za injekta zimechomolewa, piga stata kwa sekunde chache chache mpaka taa ya oili izimike. Hapo ndipo urudishe plagi na uwashe.

Ikishawaka na kupata moto, pima kompresheni: plagi zote nje, koili na injekta zimechomolewa tena, mafuta yamekanyagwa mpaka mwisho, betri imejaa. Tofauti kati ya silinda na silinda isizidi kilo 1 kwa sentimita ya mraba. Silinda iliyo chini idondoshee oili kidogo, upime tena. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu au gasketi ya silinda hedi.

Fundi ameng'oa thermostati, anasema joto la Dar halihitaji. Ni sawa?

Si sawa, ingawa gereji nyingi za mjini zinafanya hivyo. Injini nyingi za Toyota zina njia ya pembeni ya maji ambayo thermostati huifunga ikishafunguka. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji yanazunguka bila kupita kwenye rejeta. Kwenye foleni ya Mandela, jua la saa nane, ndipo sindano inapopanda. Ukiwa mwendo mzuri usiku, injini inakuwa baridi mno na kontroli boksi inaongeza petroli.

Gari likichemsha, tafuta sababu: rejeta imeziba, kifuniko chake hakishiki presha, feni haifanyi kazi, au pampu imechoka. Weka kulanti nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa kwa mvuke. Maji ya bomba, na zaidi ya kisima cha chumvi, yanakula silinda hedi ya aluminiamu.

Bajeti ni ndogo. Nianze na rimu au egzosti?

Na breki. Oili ya breki hunyonya unyevu, na hewa yetu inao mwingi. Baada ya miaka minne pistoni za kalipa huwa zimeshika kutu. Badilisha sili za kalipa, hosi za mpira na oili yote. Matairi: soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Yenye nyufa ubavuni yatoe hata kama kashata zimejaa. Baadaye bushi na boljointi. Rimu zitakusubiri.

Kigamboni: kizingiti cha mlango kimeliwa na kutu. Fundi bodi anataka kujaza puti.

Puti juu ya kutu inafunika maji ndani, na ndani ya misimu michache ya mvua inapasuka. Pitisha sumaku iliyofunikwa kitambaa: isiposhika, hapo chini ni puti. Kata mpaka ufike kwenye chuma cheupe, chomelea bati jipya la unene uleule wa bodi kwa mashine ya waya na gesi, pointi moja moja ili bati lisipinde. Betri itolewe kwanza. Halafu praima ya epoksi, sila kwenye maungio, na nta ya maji ipulizwe ndani ya kizingiti. Chumvi ya baharini huingilia huko. Matundu ya chini ya kutolea maji yasizibwe.

Nitafute 1JZ, injini ya Toyota ya silinda sita, ya mtumba Ilala badala ya kuhangaika na hii?

Kwa bajeti ndogo, la. Injini yenyewe ndiyo sehemu rahisi. Bado una maunti, waya, propela shafti, rejeta kubwa, na breki za kuisimamisha, kisha mabadiliko ya namba ya injini TRA. Ukihitaji 3S-GE nyingine, ichukue na waya usiokatwa na kontroli boksi yake, izungushwe kwa mkono mbele yako, fungua kifuniko cha oili uone kama kuna matope meusi, na namba iandikwe kwenye risiti. Mkanda, klachi, sili na hosi usinunue vya mtumba.

Nikate springi ishuke?

Usikate. Kwenye tuta gari likinyanyuka, springi fupi inaweza kutoka kwenye kikalio chake.